Kubadilisha valvu na spika za amplifaya ya gitaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wapiga gitaa wenye amplifaya za valvu, yaani vile vichupa vya kioo vinavyong'aa na kukuza sauti: wanaopiga kanisani, kwenye bendi za dansi, au chumbani usiku wakati majirani hawajalala. Mfano nitakaourudia ni Fender Hot Rod Deluxe: wati 40, spika moja ya inchi 12, valvu tatu ndogo za 12AX7 na mbili kubwa za 6L6. Imetengenezwa kwa wingi tangu 1996, na maswali ninayoulizwa kuhusu amplifaya nyingine mara nyingi hujibiwa na hiyohiyo.

Nina hela ya kitu kimoja tu. Nianze na valvu au spika?

Spika. Wapo watakaokubishia, maana valvu ndizo zinazong'aa na ndizo zinazosifiwa na wauzaji, lakini sikiliza kazi ya kila kimoja. Spika ya gitaa ya inchi 12 hukata karibu sauti zote za juu kuanzia kilohetsi 5 hivi, na kabla ya hapo ina mahali pake inapopandisha sauti, kwa kawaida kati ya kilohetsi 2 na 4. Kila modeli inapandisha mahali pake na kwa kiasi chake. Ukibadilisha spika, umebadilisha umbo zima la sauti. Ukibadilisha 12AX7 nzima kwa 12AX7 nyingine nzima ya kiwanda tofauti, utapata tofauti ndogo ambayo mpiga besi wako hataisikia, na wewe mwenyewe utaitilia shaka kesho yake.

Valvu ichukulie kama tairi la gari: likiisha unabadilisha, na likiwa zima huligusi. Kwa hiyo kama valvu zako zimechoka, zibadilishe kwanza, ila tambua kwamba hapo unafanya matengenezo. Kuboresha sauti ni habari nyingine.

Nitajuaje kama valvu zimechoka?

Zile kubwa za nguvu ndizo zinazochoka mapema. Mtu anayepiga kila wiki kwa sauti ya ukumbini anaweza kuzibadilisha baada ya mwaka mmoja au miwili, na wa chumbani akakaa nazo miaka mingi. Dalili ni besi kulegea, sauti kupungua nguvu, na amplifaya kukwaruza mapema pale ambapo zamani ilikuwa safi. Ukiona anodi, yaani ile sahani ya chuma ndani ya kioo, imegeuka nyekundu, zima papo hapo. Hapo mkondo umezidi, na ukiacha iendelee itakufa na fyuzi, pengine na transfoma.

Mwanga wa buluu unaocheza karibu na kioo usikutishe. Valvu nzima nyingi huwa nao. Ila doa la rangi ya fedha lililo ndani ya kioo likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekwisha.

Valvu ndogo hudumu muda mrefu zaidi. Zikiharibika hulialia, hukoroma, au hugeuka maikrofoni, yaani huokota mitikisiko na kuitoa kama sauti. Kuipima ni rahisi: amplifaya ikiwa imewaka, igonge kila moja taratibu kwa upande wa raba wa penseli. Sauti ndogo ya "tii" ni kawaida, hasa kwa ile ya kwanza. Ikipiga kengele au ikiendelea kulia baada ya kugongwa, umempata mkosaji.

12AX7 na ECC83 ni kitu kimoja?

Ndiyo. Jina la kwanza ni la Marekani, la pili la Ulaya. Vivyo hivyo EL84 ni 6BQ5, na GZ34 ni 5AR4.

Volyumu ya Hot Rod yangu inaruka: ikiwa kwenye 1 haisikiki, ikifika 2 inafukuza watu. Valvu inaweza kusaidia?

Inaweza, na hapa ndipo kubadilisha valvu ndogo kunapolipa kweli. Potenshomita ya volyumu ya amplifaya hiyo, yaani rezista inayobadilika ukizungusha kitufe, hupanda haraka sana mwanzoni. Dawa ya bei nafuu ni kuweka valvu yenye ukuzaji mdogo kwenye nafasi ya kwanza, ile iliyo karibu na jeki ya gitaa, ambayo mafundi huiita V1.

12AX7 ina kipimo cha ukuzaji cha 100. 5751 ina 70. 12AT7 ina 60, 12AY7 ina 44 hivi, na 12AU7 iko chini ya 20. Zote tano zina pini 9 zilizopangwa sawa, kwa hiyo zinaingia kwenye soketi moja bila kulehemu chochote. Usitarajie sauti ishuke kwa uwiano kamili wa namba hizo, maana rezista zinazoizunguka valvu nazo zinaingia katika hesabu.

Kwa V1 ya Hot Rod mimi ningeanza na 5751. Inapunguza ule ukali bila kuifanya amplifaya ilale. 12AY7 inakupa nafasi kubwa zaidi ya kuzungusha volyumu na inafaa mpiga gitaa anayetegemea pedali kupata distosheni, yaani sauti ya kukwaruza. 12AU7 huifanya ilale kabisa, siipendekezi. 12AT7 napenda kuiweka V3, nafasi ya mwisho kabla ya valvu za nguvu, ambako hulainisha namna amplifaya inavyozisukuma 6L6. Hapo V3 usitarajie muujiza.

Ninunue valvu za jina gani?

Majina ni mengi, viwanda ni vichache. Electro-Harmonix, Sovtek, Tung-Sol, Svetlana, Gold Lion na hata Mullard ya leo zote ni za kampuni moja ya Marekani, New Sensor, na hutengenezwa kwenye kiwanda kimoja mjini Saratov, Urusi. Mullard ya asili ilikuwa ikitoka Blackburn, Uingereza. Ya sasa imerithi jina tu. Hiyo haina maana kwamba ni mbaya, ila usilipie historia ambayo humo haimo. Nje ya Urusi kuna JJ ya Slovakia, kutoka mji wa Čadca, na kuna za China.

Kuna somo la 2022 pia. Mwezi Machi mwaka huo, baada ya vita vya Ukraine kuanza, Urusi ilizuia bidhaa nyingi kutoka nje ya nchi, valvu zikiwamo. Biashara ilirudi baadaye lakini bei haikurudi ilikokuwa. Anayeishi mbali na maduka, kama wengi wetu, ni vizuri awe na jozi moja ya akiba kabatini.

Kwa 6L6 hakikisha imeandikwa GC. Herufi hizo zina kazi: 6L6 ya mwanzo iliruhusiwa kupoteza wati 19 kwenye anodi, 6L6GC inaruhusiwa 30.

Na valvu za zamani ambazo hazijatumika?

Nyingine ni nzuri sana na kimya sana. Nyingine zimepigwa chapa upya na watu wajanja. Wino kwenye kioo hufutika na kuandikwa kwa urahisi, kwa hiyo angalia alama iliyo kwenye kioo chenyewe: ECC83 za Telefunken zilizotengenezwa kwenye kiwanda chao zina alama ya almasi iliyofinyangwa chini, katikati ya pini. Mnunuzi wa kawaida anayetaka kupiga ibada ya Jumapili hana haja nazo.

Nikibadilisha valvu za nguvu ni lazima bayasi irekebishwe?

Inategemea amplifaya. Bayasi ni mpangilio unaoamua mkondo gani upite kwenye valvu wakati hupigi kitu. Valvu ndogo hazihitaji kamwe. Kwa zile za nguvu kuna makundi mawili.

Kundi la kwanza hujirekebisha lenyewe kupitia rezista iliyo kwenye kathodi, ile sehemu ya valvu inayotoa elektroni. Vox AC15 na AC30 ziko humo. Unanunua jozi au seti iliyolinganishwa, unachomeka, unapiga.

Kundi la pili lina volti hasi iliyowekwa kwenye gridi, ule wavu unaodhibiti mkondo ndani ya valvu, na volti hiyo ndiyo inayoamua mkondo gani upite wakati hupigi kitu. Hot Rod Deluxe iko humu. Valvu mbili za jina moja, kiwanda kimoja, zinaweza kupitisha mikondo tofauti kabisa kwa volti ileile, kwa hiyo lazima ipimwe. Blues Junior ya Fender nayo iko humu ila imekuja bila skrubu ya kurekebishia. Huko unalazimika kuchagua valvu zinazoifaa, au fundi akuongezee potenshomita ndogo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua wati ambazo valvu inaruhusiwa, tafuta asilimia 70 yake, gawanya kwa volti za anodi. Kwa 6L6GC: asilimia 70 ya wati 30 ni 21. Tuseme anodi ina volti 420. Gawanya 21 kwa 420, unapata ampia 0.05, yaani miliampia 50 kwa kila valvu. Huo ni ukomo. Wengi huusoma kama shabaha, halafu hushangaa valvu zinakwisha kwa miezi michache.

Hot Rod ina rezista ya omu 1 kati ya kathodi za valvu zote mbili na ardhi, pamoja na sehemu ya kupimia. Kwa sababu ni omu 1, milivolti unazosoma ni sawa na miliampia za valvu zote mbili kwa pamoja. Kipimo cha kiwandani ni milivolti 60 hivi, yaani miliampia 30 kwa kila moja, ambayo ni upande wa baridi, yaani mkondo mdogo. Mimi huipenda karibu na 70. Sauti inakuwa na nyama kidogo zaidi na bado uko mbali sana na ukomo.

Jambo ambalo mafundi wengine hulisahau: pima umeme wa ukutani siku hiyohiyo. Mahali ambapo umeme hupanda jioni, bayasi iliyowekwa mchana umeme ukiwa chini itakuwa ya moto saa nne usiku, wakati bendi ndiyo kwanza imeshika kasi.

Naweza kuweka EL34 badala ya 6L6? Zote zina pini 8.

Kuingia kwenye soketi kusikudanganye. Hita ya 6L6, yaani waya wa kupasha joto ndani ya valvu, inavuta ampia 0.9, ya EL34 inavuta 1.5. Kwa valvu mbili umeongeza ampia 1.2 kwenye transfoma ambayo huenda haikujengwa kuzibeba. EL34 pia inahitaji pini ya 1 iunganishwe na pini ya 8, na bayasi yake ni tofauti. Kama mtengenezaji hakusema inaruhusiwa, acha.

6V6 nayo hita yake ni nyepesi, ampia 0.45, lakini volti 420 kwenye anodi ni nyingi mno kwa nyingi kati yake, na transfoma ya sauti haikupangwa kwa ajili yake. Anayetaka sauti ya 6V6 anunue amplifaya ya 6V6.

Haya yote naweza kuyafanya mwenyewe?

Kuchomoa na kuchomeka valvu, ndiyo. Zima, chomoa waya ukutani, subiri zipoe. Kwenye Hot Rod zinaning'inia kichwa chini, ndiyo maana kuna vikamatio kwa zile kubwa na vikofia vya chuma kwa zile ndogo. Vuta moja kwa moja bila kupinda. 6L6 ina kijiti cha plastiki katikati chenye ufito unaoonyesha upande wa kuingilia. Kama kijiti kimevunjika, usibahatishe, maana ukiichomeka vibaya volti zitaenda zisikotakiwa.

Kupima bayasi kunahitaji kufungua chasisi amplifaya ikiwa imewaka, na humo kuna volti zaidi ya 400. Hata ikiwa imezimwa na kuchomolewa, kapasita zinaweza kuendelea kushikilia umeme wa kuua. Anayejua kazi hupima kwanza kwa mita, hutoa chaji kupitia rezista (kilo-omu 10 ya wati 5 inatosha) huku mkono mmoja ukiwa mfukoni, halafu hupima tena. Kugusisha bisibisi ili itoe cheche ni ushamba unaoharibu kapasita na macho. Kama haya ni mageni kwako, mpelekee fundi. Fundi wa redio za zamani mara nyingi anazielewa valvu kuliko kijana wa simu, hata kama hajawahi kuona gitaa la umeme.

Spika: omu ni lazima zilingane?

Ndiyo, zilingane. Hot Rod inataka spika ya omu 8. Ukiipima spika ya omu 8 kwa mita utasoma 6 au 7 hivi. Ni sawa, maana mita inasoma ukinzani wa waya peke yake. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa 4, zikiunganishwa kwa mfululizo zinakuwa 16.

Na kamwe usiwashe amplifaya ya valvu ukapiga bila spika kuchomekwa. Amplifaya nyingi za tranzista hazijali, ya valvu inajali sana: nishati isipopata pa kutokea hurudi kwenye transfoma ya sauti kama volti kubwa, na zikitafuta njia hupasua soketi au waya za ndani ya transfoma. Hiyo ndiyo ajali ghali kuliko zote kwenye ukurasa huu.

Wati ngapi?

Zaidi ya zile za amplifaya. Wati 40 zilizoandikwa ni za sauti safi; ukiibana mpaka ikwaruze, inatoa zaidi. Kwa Hot Rod nunua spika ya wati 50 na kuendelea. Celestion Greenback ya wati 25 peke yake itaungua, na Alnico Blue ya wati 15, pamoja na utamu wake wote, ni ya kuwekwa mbili kwenye AC30.

Na desibeli zilizoandikwa kwenye boksi?

Zisome kabla ya kusoma wati. Zinaeleza spika inatoa sauti kiasi gani kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara mbili. Celestion G12M-65 Creamback ina 97, Greenback 98, Vintage 30 ina 100, Eminence Cannabis Rex ina 102. Ukitoka kwenye Creamback ukaenda Vintage 30, ni sawa na amplifaya yako ya wati 40 kugeuka ya wati 80. Kama shida yako ni kuzidiwa na ngoma, namba hiyo ni bei nafuu kuliko amplifaya mpya. Kama shida yako ni mchungaji kukuangalia kwa jicho kali, nenda upande wa pili.

Spika gani kwa dansi, rumba, benga au kwaya?

Muziki wetu mwingi unataka gitaa safi: nyuzi zisikike moja moja, solo ikate juu ya ridhimu bila kuchoma masikio. Vintage 30 ina msukumo mkubwa kwenye sauti za kati za juu. Kwa roki yenye distosheni ni rafiki. Kwa solo safi kwenye ukumbi wa bati inaweza kuwa sindano. Nimeisikia ikitesa watu wa meza za mbele.

Kwa kazi hiyo ningeangalia Cannabis Rex, ambayo koni yake, ile karatasi inayotetemeka, ina nyuzi za katani-bangi na hulainisha makali ya juu huku ikibaki na sauti kubwa. Anayetaka kung'aa zaidi, na besi isiyolegea, atazame Jensen C12K ya wati 100. Creamback ni ya katikati, kwa mtu anayepiga kila kitu. Hot Rod ya toleo la III ilitoka na Celestion G12P-80, ya toleo la IV ikatoka na A-Type. Kama unayo A-Type na unaipenda, hela yako ipeleke kwenye nyuzi mpya.

Kumbuka pia boksi lako liko wazi nyuma. Besi inayotoka nyuma ya koni hukutana na ya mbele na kuiua kidogo, kwa hiyo hakuna spika itakayokupa kishindo cha boksi lililofungwa.

Kuifunga kuna mtego gani?

Sumaku. Bisibisi itavutwa na kutoboa koni mpya kabla hujaitumia hata dakika moja. Shika bisibisi kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukinge koni. Kaza nati kwa kukingama, kidogo kidogo, usije ukapinda fremu. Pima kwanza kina, sumaku kubwa isiguse valvu. Vintage 30 ina kilo 4.7, ya sumaku ya neodimi ina kilo 2 hivi, na mwenye kubeba amplifaya kwa bodaboda ataithamini tofauti hiyo.

Spika mpya huwa ngumu. Ipe saa kadhaa za kupigwa kabla ya kuihukumu.

Amplifaya yangu imetoka Marekani, ni ya volti 120.

Tanzania umeme ni volti 230, Kenya 240. Utahitaji transfoma ya kushusha, na kwa Hot Rod chukua ya wati 300 au zaidi. Transfoma hiyo haibadilishi hetsi: Marekani ni 60, kwetu ni 50. Soma nyuma ya chasisi. Ikiandikwa 50/60 Hz huna tatizo, ikiandikwa 60 peke yake transfoma ya ndani itapata joto zaidi ya ilivyokusudiwa. Umeme wako ukiyumba, weka stabilaiza kabla ya kununua valvu za bei.

Nimebadilisha vyote na bado inakatakata.

Basi tatizo halikuwa humo. Kwenye Hot Rod, mwambie fundi aangalie rezista mbili za wati 5, omu 470 kila moja. Huwa moto sana, na joto hilo hulegeza risasi inayozishikilia kwenye bodi. Jeki ya gitaa nayo imelehemiwa kwenye bodi na hupata nyufa kwa kuvutwavutwa. Kulehemu upya ni kazi ya muda mfupi. Safisha pia soketi za valvu kwa dawa ya kusafishia viunganishi, hasa ukiishi pwani, ambako chumvi ya hewani hula kila kitu cha chuma.

Valvu na spika nilizotoa nizifanyeje?

Spika ya asili itunze. Atakayenunua amplifaya yako kesho ataiulizia. Valvu zilizo nzima zifunge kwenye gazeti, jozi pamoja, andika tarehe na miliampia zilizokuwa zikipitisha. Siku valvu mpya ikifa katikati ya harusi, jozi hiyo itakufikisha mpaka bibi harusi aondoke.